Jinsi Nilivyofundisha Watu Kushangaa kwa Kijapani

Neema na Kelvin,

Siku mliyoniaga kwa keki na kadi, Neema aliniuliza swali nikalijibu kwa mzaha kwa sababu mdomo ulikuwa umejaa. "Mama Zuhura," aliniambia, "lile somo la kushangaa unalifundishaje? Darasa langu wanashangaa kama watu wanaosoma tangazo la mkutano." Kelvin akacheka, lakini nilimwona naye ameacha kutafuna, anasubiri jibu. Nikasema siri yangu ni kuwanyima wanafunzi chai. Sasa nimestaafu, asubuhi zangu zimekuwa ndefu, na swali lenu limebaki nami mezani. Nalijibu kwa Kiswahili, kwa kuwa ndicho tulichokuwa tukipigia soga jikoni kwa walimu, na pia kwa kuwa ndiyo lugha ninayoshangaa nayo mimi mwenyewe.

Kijapani nilikipata Tanga. Nilikuwa karani wa wahandisi wa Kijapani waliokuja kwa mradi wa maji, wakanizoea, nami nikawazoea, hadi nikapata nafasi ya kwenda kusoma kwao, kaskazini, katika mji ambao theluji ilipanda mpaka madirishani. Nikiikumbuka miaka ile naiona yote kuwa mchana mmoja mweupe usio na sauti. Kisha ndoa ikanileta Toronto, na kazi yangu ya kwanza hapa haikuhusiana na ualimu hata kidogo. Ilikuwa Malton, kwenye ghala la mizigo kando ya uwanja wa ndege. Tuliingia alfajiri, vioo vya basi vimejaa ukungu, na ndege zilipita chini sana hata chai ikatetemeka kikombeni. Nilisoma maandishi ya Kijapani kwenye makasha na kuwaambia wenzangu lipi lisigeuzwe. Walidhani nabahatisha tu, nami niliwaacha wadhani hivyo kwa muda mrefu.

Mmoja wao ndiye aliyenielekeza Agincourt, kwenye shule ya jioni ya lugha iliyokuwa ghorofani juu ya duka la mikate. Nyie mmeikuta ikiwa na lifti na mashine ya kahawa. Mimi niliikuta na ngazi za mbao na harufu ya mkate wa moto iliyopanda kila saa ya somo, hata leo nikinusa mkate mbichi nakumbuka vitenzi. Aliyenisaili alikuwa Hamada-sensei, yaani Mwalimu Hamada, mama mfupi wa Kijapani aliyefika Kanada akiwa msichana, mwenye kuzungumza polepole kana kwamba saa zote ni zake. Hakuniuliza vyeti. Aliweka mbele yangu kifurushi cha kitambaa kilichofungwa fundo, akaniambia nikishike, nikipime uzito, kisha nikifungue. Ilikuwa katikati ya Julai, jasho linanitiririka mgongoni, na ndani ya kile kitambaa kulikuwa na tonge la theluji.

"Loo," nikasema. "Mama yangu."

Alikuwa ameliokota mlangoni kwake wakati wa baridi na kulihifadhi kwenye friza kwa ajili ya siku kama ile. Aliniuliza nimesema nini, nikamfasiria, akatabasamu kwa mara ya kwanza. Akasema mshangao humtoka mtu kwa lugha yake mwenyewe, na kazi ya mwalimu ni kuungoja utoke, kisha kuuvisha nguo za Kijapani ungali moto. Mwalimu anayeanza na nguo atabaki na nguo tupu. Tulikaa tukiitazama theluji ikiyeyuka kwenye sahani mpaka ikawa maji, na mpaka leo sijui kama ulikuwa usaili au ndoto niliyoiota kwenye basi la kutoka Malton. Jumatatu iliyofuata nilianza kazi.

Basi, Neema, jibu la swali lako ni kifurushi. Hamada-sensei alitumia kitambaa cha kwao, mimi nikatumia kanga yangu, ile iliyochakaa mliyokuwa mkiiona kabatini. Kifurushi hupitishwa mkono kwa mkono kimyakimya, kila mtu akipime na kukitikisa, na wa mwisho ndiye hufungua. Nimewahi kuweka mwiko wa ugali, ndimu iliyokauka ikawa nyepesi kuliko hewa, saa ya kuamsha iliyolia mikononi mwa mtu, na jiwe nililolipaka rangi likafanana na mkate kiasi kwamba mwanafunzi mmoja aliliuma. Msiweke kitu kinachopumua. Nilijaribu mara moja, na mwenye duka la mikate hakuwahi kunisamehe.

Akishashangaa, ndipo unapomweleza. Kijapani kina adabu nyingi. Kitenzi hubeba mkia wa heshima kwa ajili ya mtu aliye mbele yako. Lakini mshangao hauna mtu mbele yake. Anayeshtuka huwa anasema peke yake, hata kama amesimama mbele ya mkurugenzi, kwa hiyo ule mkia hukatika na neno hutoka uchi. Wanafunzi wetu wenye bidii hapo ndipo wanapokwama. Wanashangaa kwa heshima zote, na Mjapani akiwasikia anahisi kama mtu amepiga chafya kwa maandishi.

Halafu kuna jambo moja lililonipa raha kuliko yote. Mjapani akiona kitu alichokuwa akikitafuta husema *atta*, kilikuwepo, ingawa kipo papo hapo mbele ya macho yake. Akiona basi linatokeza kwa mbali husema *kita*, limekuja, ingawa bado halijafika. Wenzetu wa Kiingereza huteseka na hilo. Sisi je? "Kumbe ulikuwa hapa." "Hilo, limekuja." Siku nilipoligundua hilo nilicheka peke yangu ubaoni. Nikawa nawatoa wanafunzi nje, wakati wa baridi, wasimame kituoni mpaka waseme *kita* kwa moyo wote, na kwa baridi ile walisema kwa moyo wote kweli. Dereva akisimama na kufungua mlango, hapandi mtu. Madereva wa njia ile walinijua, wala si kwa wema.

Katika darasa langu la Jumanne alikuwamo Furaha, dada wa Bukavu aliyefanya usafi uwanja wa ndege na kuja shuleni moja kwa moja kutoka zamu. Alisinzia kwa utulivu mkubwa, na kila kifurushi kilipofunguliwa alifumbua jicho moja akasema, "Ah bon?" yaani "Kweli?" kwa Kifaransa cha kwao, kisha akalala tena. Nilimpenda. Usingizi wake ulienea, na zile jioni za Novemba, taa za barabarani zikiwaka mapema na mvuke ukipanda kwenye dirisha, mara nyingi nilihisi darasa zima linaelea kidogo juu ya duka la mikate.

Jioni mojawapo ya hizo ndipo alipoingia Bwana Lino.

Alikuwa Mgoa wa Nairobi, mzee mrefu mwenye tai, karani wa forodha zamani, anaishi Thorncliffe Park kwenye ghorofa za juu. Alikaa mbele, akaandika kila nilichosema, na wakati wa mapumziko akanifuata jikoni.

"Mwalimu, mimi nasikia wewe ni mtu wa Tanga."

"Ndiyo, Bwana Lino. Karibu chai."

"Chai baadaye. Mimi nataka kuuliza kitu. Bibi yangu ni Mjapani. Sachiko. Tumeoana hapa Toronto, tumezeeka hapa. Nyumbani ni Kiingereza tu, miaka yote. Sasa amepata kiharusi, na Kiingereza yote imeenda. Amebaki na Kijapani peke yake." Akazungusha kijiko kwenye kikombe kitupu. "Kila siku naenda kumuona kwa ile nyumba ya wazee. Naingia, ananiambia maneno, kila siku ni hayo hayo. Nimeyashika kwa kichwa. Wewe niambie maana yake."

Akayasema, taratibu, kwa matamshi mazuri kuliko ya wanafunzi wangu wa mwaka wa pili: *Yoku irasshaimashita.*

Niliyajua. Ni maneno ya mwenye nyumba kwa mgeni wa heshima. Nilitamani kumwambia ni maneno ya mapenzi, na kwa macho yake yale angeniamini, lakini angeuliza mtu mwingine kesho yake. Nikamwambia ukweli.

"Anakukaribisha, Bwana Lino. Anakukaribisha vizuri sana. Kama mgeni."

"Mgeni."

"Mgeni mheshimiwa."

"Mgeni ni mgeni, Mwalimu," akasema, akaosha kikombe ambacho hakukinywea.

Tangu siku ile nilijua anachokitafuta darasani kwangu. Mkewe kuomba maji au kuulizwa kama anasikia baridi hakukuwa shida. Wauguzi walikuwa na picha za kuonyesha kwa kidole. Alitaka mkewe amtambue, walau mara moja, kabla hajaondoka duniani. Aliposikia ninaeleza kwamba aliyeshtuka husahau adabu, aliinua kichwa kutoka kwenye maandishi yake, nami nikaona wazo limemwingia. Kama Sachiko angeshangazwa, ule ugeni ungemdondoka, na chini yake pengine yupo mke.

Akaanza kumpelekea vitu. Alimpelekea picha ya harusi yao, Bi. Sachiko aliitazama kwa muda, akasifu watu hao kwa uzuri wao, akairudisha kwa mikono miwili. Alimpelekea machungwa madogo ya Kijapani yanayokuja madukani karibu na Krismasi. Akashukuru, akainamisha kichwa, akamwomba na yeye achukue moja. Alimpelekea kofia aliyovaa siku walipokutana. Kila Jumanne alinisimulia, na kila Jumanne nilitafsiri heshima. Wakati huohuo yeye mwenyewe alizidi kuwa mwanafunzi mzuri. Alinunua kandambili za ndani, akawa anavua viatu mlangoni kwa mkewe, anainama, anasalimu kwa maneno niliyomfundisha, anakaa ukingoni mwa kiti. Hata muuguzi alimsifu.

"Zamani ulikuwa unavua viatu nyumbani?" nilimuuliza siku moja, tukishuka ngazi.

"Mimi? Mwalimu, mimi nimekulia Nairobi, kwetu viatu ni mpaka kitandani." Akacheka, na ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka. "Sachiko alinigombeza mpaka akachoka. Kwa Kiingereza. Akikasirika zaidi, kwa Kijapani. Kila siku nasahau, kila siku nagombezwa. Lakini sasa nimejifunza."

Nami nilimpongeza, mwalimu mzima.

Krismasi ilipokaribia aliazima kanga yangu ya vifurushi. Alisema safari hii ana kitu ambacho Sachiko hawezi kukitegemea hata kwa ndoto, akaniomba nifuatane naye Jumamosi, nimsikilizie. Tukakutana kituoni. Theluji ilikuwa inaanguka kwa vipande vikubwa, pole pole, jiji limenyamaza hata magari yalionekana kupita kwa adabu. Bwana Lino alikumbatia kifurushi kwa mikono yote miwili kama mtu aliyebeba mtoto wa mwenzake, na njia nzima midomo yake ilicheza. Alikuwa akikariri sentensi ndefu ya kufungulia kifurushi. Nilimsikia akiikosea na kuianza upya. Nilimwonea huruma, na niliogopa, kwa sababu nilikuwa nimeshaona picha, machungwa na kofia vikishindwa, na sikuwa na mbinu nyingine.

Nyumba ile ya wazee ilikuwa na joto na harufu ya supu. Chumba cha Bi. Sachiko kilikuwa mwisho wa ukumbi. Niliuona mlango uko wazi, zulia jepesi la rangi ya maziwa limetandikwa, na kwenye kiti karibu na dirisha mama mdogo mwenye nywele nyeupe akitazama theluji. Mimi nilisimama kizingitini kuvua buti zangu. Bwana Lino hakusimama. Macho yalikuwa kwa mkewe, mikono imejaa, kichwa kimejaa sentensi, na miguu ikafanya ilivyozoea miaka yote kabla ya mimi kumfundisha chochote. Akakanyaga zulia na viatu vyake, vimelowa, vimejaa matope na ile chumvi nyeupe inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu.

Bi. Sachiko aligeuka. Alianza kuinamisha kichwa, kama kawaida, na njiani macho yake yakafika kwenye zulia.

"*Maa*," akasema. Mkono ukamruka mdomoni. "*Anata. Mata kutsu no mama.*"

Ilikuwa sauti nyingine kabisa. Mkia wa heshima haukuwepo, wala ukaribisho, wala mgeni. Nikafungua kinywa nitafsiri, kwa mazoea ya kazi: wewe bwana, tena umeingia na viatu. Bwana Lino akanizuia kwa kutikisa kichwa.

"Hiyo naijua, Mwalimu," akasema.

Alisimama pale pale juu ya zulia, maji yanachuruzika, anagombezwa. Mkewe alionyesha alama za miguu, akamwonyesha yeye, akaonyesha mlango, na kila lililomtoka lilikuwa na neno moja ndani yake, *mata*, tena, tena. Mgeni huwezi kumwambia "tena". Bwana Lino alikuwa akilia bila kujificha na akiitikia kwa Kiingereza kama alivyoitikia maisha yake yote, "Sorry, Sachi, sorry," wala hakusogeza mguu. Mimi nililia na buti moja mkononi.

Kifurushi kilikuja kufunguliwa baadaye, zulia likiwa limeshafutwa. Zilikuwa sambusa tamu za Krismasi za Kigoa, zenye nazi, ambazo mama yake Bwana Lino ndiye aliyemfundisha Bi. Sachiko kuzikunja. Safari hii Bwana Lino alizikunja mwenyewe na kuziunguza. Tulizila zote. Bi. Sachiko alikula moja, akasinzia akiwa ameshika mkono wa mumewe, na theluji ikaendelea nje dirishani mpaka giza likaingia.

Nisiwadanganye, siku iliyofuata alimkaribisha tena kama mgeni. Lakini Bwana Lino alikuwa amejua mlango uko wapi. Kandambili alizigawa. Akawa kila siku anapita kwenye theluji iliyo chafu zaidi, makusudi, kisha anaingia moja kwa moja mpaka zuliani. Muuguzi alikuja juu, wakakubaliana kwamba atafuta mwenyewe, akawa anatembea na kitambaa cha deki ndani ya koti lake zuri. Siku nyingine Bi. Sachiko alimwinamia. Siku nyingine alimgombeza. Jumanne akiingia darasani nilikuwa najua kutokana na mwendo wake tu, na Furaha naye alijifunza kufumbua macho yote mawili na kuuliza, "Baba, leo umegombezwa?" Akiitikia ndiyo, darasa zima lilipiga makofi. Wakati wa kiangazi, theluji ilipokosekana, alikuwa akimwagia viatu maji ya bomba.

Somo langu halikubadilika sana baada ya hapo, ila niliacha kusifu wanafunzi wanaposhangaa kwa ufasaha. Nikawa nawasikiliza zaidi wakati kifurushi bado hakijafunguliwa, wanachosema wenyewe kwa wenyewe, kila mmoja kwa lugha ya kwao. Hamada-sensei alikuwa ameshastaafu. Nilimpigia simu nikamsimulia habari ya viatu, akatoa "Heee" ndefu ya mshangao wa kwao iliyopanda taratibu kama mtu anayepanda ngazi, nayo ndiyo Heee bora niliyoisikia maishani.

Bi. Sachiko alifariki mwanzoni mwa majira ya kuchipua, baridi ya pili baada ya ile ilipokuwa inaisha. Bwana Lino hakuonekana darasani wiki kadhaa. Jumapili moja, baada ya ibada yake na kabla ya chakula changu, nilichukua basi nikaenda Thorncliffe Park kumpa pole. Zuhura, binti yangu, alikuwa amenipondea tangawizi na kunifungia chupa ya chai, akaniambia kwa Kiingereza chake nisikae sana. Lifti ilipanda polepole ikisimama kila ghorofa, watoto wakiingia na kutoka na mipira, harufu za mapishi ya nyumba zote zimechanganyika, na nilipofika juu nilikuwa kama nimeamka mahali nisipopajua.

Mlangoni kwake, nje, vilikuwepo viatu vyake. Vimesuguliwa, havina hata alama ya chumvi, vimewekwa sambamba, ncha zikitazama ukumbini kama wanavyopanga Wajapani. Nilivitazama mpaka nikasahau kubisha.

Alifungua mwenyewe, amevaa tai na soksi. Alipokea chupa ya chai, kisha akatazama miguu yangu.

"Karibu, Mwalimu," akasema. "Vua tu. Siku hizi hapa tunavua."